Amri Isiyojibiwa

Usiku wa kuamkia Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 iliondoka Douala, nchini Cameroon, ikielekea Nairobi. Ilikuwa imetokea Abidjan, na radi na mvua ziliichelewesha kuondoka kwa kiasi cha saa nzima. Ndege yenyewe ilikuwa mpya, haijatimiza mwaka tangu itoke kiwandani. Muda mfupi baada ya magurudumu kuacha ardhi, rubani mkuu, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha, alitamka neno ambalo marubani hulitumia kutaka otopailoti iwashwe, ule mtambo unaoshika usukani badala ya mkono wa mtu. Rubani msaidizi hakujibu. Otopailoti haikuwaka. Ndege, ambayo tangu ilipoinuka ilikuwa ikielemea kidogo upande wa kulia, iliendelea kuelemea polepole kiasi kwamba mwili wa binadamu hauwezi kuhisi, na kwa karibu dakika nzima hakuna aliyeugusa usukani kuirudisha. Nje kulikuwa na giza tupu, hakuna upeo wa kutazama. Sauti ya onyo ilipolia, ndege ilikuwa imeshalala kwa nyuzi 35 hivi. Rubani mkuu akageuza usukani kulia, upande ule ule wa hatari. Msaidizi naye alianza kwa kumwambia kulia, kisha akajisahihisha upesi: kushoto, kushoto. Muda ulikuwa umekwisha. Ndege ilizama kwenye kinamasi cha mikoko kilomita chache tu kutoka uwanjani, ikiwa haijamaliza dakika mbili angani. Watu wote 114 walikufa, na mabaki yake hayakuonekana hadi jioni ya siku iliyofuata.

Ripoti ya wachunguzi wa Cameroon iliyotolewa mwaka 2010 iliweka sababu kadhaa kwa pamoja: marubani kupotewa na hisia ya mwelekeo, vyombo kutotazamwa, mkanganyiko kuhusu otopailoti, na kukosekana kwa ushirikiano baina ya watu wawili walioketi bega kwa bega. Haikuficha pia kwamba wawili hao hawakulingana. Mkubwa alikuwa na zaidi ya miaka 50 na tabia ya kutawala; mdogo alikuwa na miaka 23 na alijiweka chini. Walioisoma ripoti hiyo waligawanyika kwa urahisi. Wapo waliosema rubani mkuu alikuwa dhaifu kazini, na wapo waliosema kijana angetakiwa kupaza sauti. Kila upande una ushahidi wake. Lakini zote mbili ni hukumu juu ya tabia za watu, na kwa hiyo zinatuachia kitu kimoja tu cha kutumaini: kwamba safari ijayo watu watakuwa bora zaidi. Mimi nashikilia kwamba kosa lililozaa mengine yote pale Douala linaweza kuelezwa bila kugusa tabia ya yeyote. Amri ilitolewa, jibu halikuja, na aliyeitoa akaendelea kana kwamba limekuja. Katika chumba cha marubani, hasa wakati wa kupaa, neno lisilojibiwa lapaswa kuhesabiwa kuwa halijasemwa, na wajibu wa kulidai jibu ni wa mkubwa kabla haujawa wa mdogo.

Nasema hasa wakati wa kupaa kwa sababu hapo muda ni mchache kuliko sehemu nyingine yoyote ya safari, isipokuwa labda kutua. Ndege ikiwa juu ya mawingu, mita 10,000 kutoka ardhini, rubani msaidizi aliyeona jambo lisilomridhisha anaweza kulizungusha. Anaweza kuuliza swali la pembeni, akasubiri, akarudia kwa njia nyingine, akamruhusu mkubwa wake agundue mwenyewe na kubaki na hadhi yake. Ni adabu hiyo hiyo tunayoitumia ofisini na barazani: samahani mzee, sijui kama umeliona hili, pengine mimi ndiye nimekosea. Adabu ya namna hiyo ina gharama, na gharama yake hulipwa kwa sekunde. Ndege inayokimbia juu ya barabara ya kurukia hutumia nusu dakika hivi kutoka kusimama hadi kuinuka, na karibu na mwisho wa nusu dakika hiyo kuna kasi ambayo ikishapitwa hakuna tena kusimama salama, lazima kupaa. Sentensi ya heshima yenye samahani mbili na pengine moja inaweza kuanza wakati bado inawezekana kusimama na kumalizika wakati haiwezekani tena.

Hilo lilitokea Washington alasiri ya Januari 13, 1982. Theluji ilikuwa ikianguka, na ndege ya Air Florida aina ya Boeing 737 ilikuwa imesubiri foleni kwa muda mrefu tangu ilipomwagiwa dawa ya kuyeyusha barafu. Barafu iliyoziba mrija mdogo wa kupimia mgandamizo kwenye injini ilifanya geji moja ionyeshe nguvu kubwa kuliko iliyokuwapo, huku geji nyingine zikionyesha nguvu ndogo. Safari hii aliyekuwa akiendesha ni msaidizi; mkubwa ndiye mwenye mamlaka ya kukatiza. Ndege ilipoanza kukimbia msaidizi aliona kwamba vyombo havikubaliani, na akasema. Hakusema mara moja tu. Kinasa sauti kilimkuta akitilia shaka mara kadhaa ndani ya sekunde chache: akiuliza kama hilo linaonekana sawa, akisema si sawa, akijibiwa kwamba ni sawa, akisema hadhani, kisha, na hapa ndipo moyo wa msomaji unapozama, akikubali kwamba labda ni sawa. Ndege iliinuka, ikashindwa kupanda, ikagonga daraja lililojaa magari na kuanguka kwenye mto Potomac ulioganda. Walikufa watu 78, wanne kati yao wakiwa ndani ya magari yao darajani. Wachunguzi wa Marekani, pamoja na makosa mengine kuhusu barafu, walimlaumu rubani mkuu kwa kutokatiza safari mapema alipoambiwa kwamba vyombo havisomi vizuri.

Msaidizi yule hakukosa ujasiri. Alisema zaidi ya mara moja, kwa sauti iliyosikika. Alichokikosa ni umbo la neno lake. Kila alichokitamka kilikuwa swali au shaka, na shaka ina sifa mbaya moja: inaweza kujibiwa kwa uhakika wa mtu mwingine. Mkubwa alitoa uhakika huo, na ndani ya sekunde chache shaka ikageuka kuwa maafikiano. Kama wangekuwa wamepatana kabla ya safari kwamba geji zikitofautiana mtu yeyote atasema neno moja tu la kusimamisha, na kwamba neno hilo halijadiliwi bali hutekelezwa, pasingekuwa na mazungumzo ya kushinda au kushindwa. Pangebaki breki.

Maafa makubwa kuliko yote katika historia ya usafiri wa anga yanasimulia jambo lile lile, kwa namna iliyojikunja zaidi. Machi 27, 1977, bomu lililolipuka kwenye uwanja wa Gran Canaria lilizifanya ndege nyingi zielekezwe Los Rodeos, uwanja mdogo wa kisiwa cha Tenerife, ambako ukungu ulishuka. Rubani mkuu wa ndege ya KLM ya Uholanzi, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa mkuu wa mafunzo ya Boeing 747 katika shirika lake, na picha yake ilitumiwa katika matangazo ya shirika hilo. Alipofika mwanzo wa barabara ya kurukia alianza kuongeza nguvu ya injini kabla kibali hakijatolewa. Msaidizi wake alimkumbusha. Akajibiwa kwamba hilo linajulikana, basi aombe. Akaomba. Mwongoza ndege akatoa maelekezo ya njia watakayofuata baada ya kupaa, ambayo si ruhusa ya kupaa, na wakati msaidizi bado anayarudia maneno hayo redioni, mkubwa alikuwa ameshaachia breki. Msaidizi akamalizia kwa kauli iliyoweza kueleweka kwamba wako tayari au kwamba wameshaanza. Mnara ulimwambia asubiri, na wakati huo huo marubani wa ndege ya Pan Am, iliyokuwa mbele kwenye barabara ile ile, wakatangaza kwamba bado wako barabarani. Sauti mbili zikagongana hewani na ndani ya ndege ya KLM ukasikika mlio tu. Mhandisi wa ndege, aliyeketi nyuma yao, bado alipata chembe ya maana kwenye maneno yaliyofuata, akauliza kama huyo Pan Am hajaondoka. Alijibiwa kwa mkazo kwamba ameondoka. Hakuuliza tena. Ndege hizo mbili ziligongana, wakafa watu 583.

Vitabu na makala nyingi husimama kwenye redio na ukungu. Mimi naona sekunde zenye uzito zaidi ni zile za mwanzo kabisa, pale msaidizi aliposahihisha kwa mara ya kwanza na akasikilizwa. Sahihisho lile lilifanya kazi yake vizuri, ila lilikuwa na bei. Mdogo aliyemrekebisha mkubwa mbele ya mtu wa tatu, tena mkubwa ambaye ndiye anayewafundisha na kuwapitisha wengine, ametumia haki aliyonayo, na haki hiyo huonekana kupungua kila inapotumiwa. Kurekebisha mara ya pili ndani ya dakika hiyo hiyo ni ghali maradufu. Ndiyo maana sipendi kusikia kwamba tatizo la chumba cha marubani ni watu wasiothubutu kusema. Watu wa Tenerife walisema, wa Washington pia walisema. Ujasiri wao uliisha kabla hatari haijaisha, kama akiba yoyote ile iwezavyo kuisha, na mpango wa usalama unaotegemea akiba ya mtu mmoja si mpango.

Kuna hesabu zinazonisaidia hapa. Mwaka 1994 bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilichapisha uchambuzi wa ajali 37 kubwa za mashirika ya nchi hiyo, kuanzia 1978 hadi 1990, ambazo wafanyakazi wa ndege walihusika nazo. Katika zaidi ya asilimia 80 ya ajali hizo, aliyekuwa ameshika usukani alikuwa rubani mkuu. Kwa kuwa kawaida marubani wawili hupokezana safari, mmoja huenda na mwingine hurudi, mtu angetarajia nusu kwa nusu. Mkubwa ana uzoefu zaidi, kwa hiyo angalau hangepaswa kuwa hatari zaidi. Maelezo yaliyo karibu ni kwamba msaidizi akiendesha, kosa lake hukutana mara moja na ulimi wa mkubwa. Mkubwa akiendesha, kosa lake hukutana na mtu anayepima maneno. Nao watafiti Ute Fischer na Judith Orasanu, walipochunguza jinsi marubani wa Marekani wanavyorekebishana, waliona wakubwa huelekea kuamuru na wasaidizi huelekea kudokeza. Yeyote aliyewahi kudokeza anajua kwamba dokezo humtegemea anayelipokea. Likipokewa na mtu aliyechoka, mwenye haraka, na aliyeshashika uamuzi wake, hupita sikioni kama upepo.

Mtu atanikatiza hapa aniambie kwamba naizunguka hoja ambayo kila mmoja anaijua: hili ni suala la utamaduni. Kijana wa miaka 23 aliyelelewa kwenye shikamoo, aliyefundishwa tangu utotoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, huwezi kumweka karibu na mtu wa umri wa baba yake ukategemea amkatize. Hoja hii ina nguvu na sitaki kuifanyia mzaha. Ina hata ushahidi kutoka mbali. Desemba 22, 1999, ndege ya mizigo ya Korean Air aina ya Boeing 747 ilipaa kutoka Stansted, karibu na London, ikiwa na chombo kibovu upande wa rubani mkuu, chombo kinachoonyesha mlalo wa ndege. Mkubwa aligeuza kushoto na kuendelea kugeuza kwa sababu chombo chake hakikuonyesha kwamba ndege imelala. Chombo cha msaidizi kilikuwa kizima na kilionyesha ukweli wote. Mhandisi wa ndege alitamka onyo. Msaidizi, ambaye ukweli ulikuwa mbele ya macho yake, hakutamka kitu. Ndege ilianguka chini ya dakika moja baada ya kupaa, na wote wanne waliokuwamo walikufa. Wengi walioandika juu ya ajali hiyo waliishia kwenye heshima ya Kikorea kwa wakubwa.

Lakini hoja ya utamaduni ikipimwa kwa visa vyote, haibebi mzigo wake. Waholanzi husifika duniani kwa kumwambia mkubwa maneno makavu, na ni wao waliokuwa Tenerife. Marubani wawili wa Washington walikuwa Wamarekani waliopishana umri kwa miaka mitatu tu, mmoja 34 na mwingine 31, na yule mdogo alikuwa ametoka kurusha ndege za kivita. Hapakuwa na shikamoo pale. Wala lugha haikuwa kikwazo Douala: wote wawili walikuwa Wakenya, na wangeweza kuelewana kwa zaidi ya lugha moja. Malezi huongeza uzito wa ukimya, nakubali, na kwetu huuongeza sana. Ila ukimya wenyewe unatokana na mpangilio wa kazi ambamo mmoja ana neno la mwisho na mwingine ana shaka ya kwanza, na mpangilio huo uko katika kila ndege ya kila taifa. Kulitupia lawama taifa fulani kunawafariji wengine wote, na faraja hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi.

Tena wanaosema kwamba heshima ya Kiafrika haina nafasi ya kumrekebisha mkubwa wanatusahaulisha utani. Katika sehemu kubwa ya Tanzania, mtani anaweza kusimama msibani, mbele ya wazee wenye mvi, akasema jambo ambalo mtoto wa marehemu hathubutu hata kulinong'ona, na hakuna anayenuna. Hasemi kwa sababu ana roho ngumu. Anasema kwa sababu ruhusa yake ilitolewa zamani, na kabila zima linajua imetolewa. Angenyamaza ndipo angeshangaza. Utani haukuondoa heshima, uliiwekea mlango, na mlango uliwekwa kabla ya msiba kutokea. Hivyo ndivyo ninavyouona mpango bora wa chumba cha marubani. Kumwambia kijana awe jasiri ni kumtuma avunje ukuta kwa kichwa. Kumwambia, kabla ya injini kuwashwa na kwa kinywa cha mkubwa mwenyewe, kwamba akiona geji imetofautiana ni lazima aseme neno fulani, na kwamba akisema mara mbili bila kujibiwa ni lazima achukue usukani, ni kumpa kazi. Mashirika mengi leo yana kanuni ya namna hii ya mara mbili. Uzuri wake ni kwamba inamwondolea msaidizi swali gumu la kama anamkosea adabu mkubwa wake. Asiponena ndipo anapokosa.

Pingamizi nyingine hutoka kwa marubani wenyewe, na ni nzito kuliko ile ya utamaduni. Wanasema wakati wa kupaa maneno mengi ni hatari. Tangu 1981 sheria ya Marekani inakataza mazungumzo yasiyo ya kazi ndege ikiwa chini ya futi 10,000, na nchi nyingi zina kanuni inayofanana, kwa sababu porojo zimewahi kuua. Wanaongeza kwamba lazima pawe na mwamuzi mmoja: ndege inayokimbia kwa kasi kubwa ikisimamishwa ghafla kwa hofu ya kijana inaweza kuharibika vibaya kuliko kama ingeachwa ipae. Yote ni kweli. Hata hivyo kanuni ya 1981 inakata maneno ya ziada ili maneno ya lazima yapate nafasi, kwa hiyo inanitetea mimi. Na ninachokidai ni maneno machache kuliko yaliyosemwa Washington. Shaka hujibiwa kwa shaka na mazungumzo huzaliwa. Neno lililokwisha kupatanwa hujibiwa kwa neno moja na kitendo. Kuhusu mwamuzi mmoja, namwachia mkubwa uamuzi wake wote. Simwachii uhuru wa kuamua huku akidhani amejibiwa.

Kuna pingamizi ya tatu ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, lakini imo ndani ya kumbukumbu za Washington kwa yeyote atakayezisoma, nayo inanikera zaidi kwa kuwa inaniuma mimi. Kabla ya ndege ile kuondoka, marubani walipitia orodha yao ya ukaguzi kama inavyotakiwa. Mmoja alitaja kinga ya barafu ya injini. Mwingine alijibu kwamba imezimwa. Nje theluji ilikuwa ikianguka, na kama kinga ile ingewashwa, mrija wa kupimia usingeziba na geji isingedanganya. Neno lilitolewa, jibu likaja, kwa wakati, kwa sauti safi, bila mkubwa kumtisha mdogo, na jibu lenyewe ndilo lililokuwa kosa. Kwa hiyo jibu peke yake haliokoi. Watu waliozoea kurusha ndege kwenye joto la Florida walikuwa wamejibu hivyo siku zote, na ulimi ukaenda mahali ulikozoea kwenda.

Nadhani njia ya kutoka hapa ni kulazimisha jibu lipite machoni kabla halijafika mdomoni. Katika Boeing ya kisasa, otopailoti ikishika usukani maandishi madogo hutokea juu ya kioo cha kila rubani kuonyesha kwamba imeshika. Utaratibu ulio sahihi unamtaka rubani atamke alichokisoma pale kwenye kioo, wala si alichokitarajia wala alichoamriwa. Kama mtu yeyote kati ya wale wawili wa Douala angesoma kioo kwa sauti, angelazimika kutaja hali iliyopo, na hali iliyopo ilikuwa kwamba otopailoti haijawaka. Jambo kama hilo lilikuwa limeshatokea miaka mitatu kabla. Januari 3, 2004, Boeing 737 ya shirika la Flash ilipaa usiku kutoka Sharm el-Sheikh, Misri, na juu ya Bahari ya Shamu iliyokuwa giza ikaelemea kulia huku marubani wakipishana kauli kuhusu otopailoti. Msaidizi alisema kwamba ndege inageuka kulia. Mkubwa alishangaa, inageukaje kulia? Wachunguzi wa Misri, Ufaransa na Marekani hawakukubaliana kuhusu chanzo cha ajali hiyo, na mimi si wa kuwaamua. Watu 148 walikufa. Usiku, upande wa kulia, otopailoti ambayo haijulikani imewaka au haijawaka: onyo la Misri lilikuwapo kwa yeyote aliyetaka kulisoma kabla ya Douala.

Nimeongea sana juu ya vifo, basi nitaje na waliookoka. Januari 15, 2009, ndege ya US Airways ilipaa kutoka LaGuardia, New York, na kabla haijafika mbali ikakutana na kundi la bata bukini, injini zote mbili zikapoteza nguvu. Aliyekuwa akiendesha ni msaidizi, Jeffrey Skiles. Rubani mkuu, Chesley Sullenberger, alitangaza kwamba anaichukua ndege, na Skiles akamjibu kwamba imechukuliwa. Ni kauli mbili fupi, na baada yake hakuna sekunde hata moja ambayo wawili walidhani usukani uko kwa mwingine. Mkubwa akarusha, mdogo akashughulika na orodha ya kuwasha injini upya. Karibu kabisa na maji ya mto Hudson, Sullenberger alimuuliza mwenzake kama ana wazo lolote. Skiles alijibu kwamba hana. Watu wote 155 waliokoka. Wengine wanaiona sehemu hiyo ya mwisho kama kichekesho cha watu waliokuwa wakikaribia kufa. Mimi naiona kuwa mfano bora kabisa wa kazi ya rubani mkuu. Hakuwa na haja ya kuuliza. Alikuwa ameshaamua, na muda wa kubadili haukuwapo. Lakini aliuliza, kwa sababu alikuwa mtu wa kuuliza, na kwa kuuliza alijua kwa hakika kwamba hakuna kitu ambacho mwenzake amekiona akakinyamazia.

Itasemwa kwamba Skiles alikuwa rubani mzoefu karibu sawa na mkubwa wake, na kwamba ni rahisi kujibizana watu mnapolingana. Ni sawa kabisa, na ndiyo sababu mzigo nauweka juu ya mkubwa. Wawili wanapolingana, jibu huja lenyewe. Pengo linapokuwa la miaka 30, jibu haliji mpaka lidaiwe, na mwenye uwezo wa kudai bila kuonekana mkosefu wa adabu ni mmoja tu. Mafunzo ya ushirikiano wa marubani yalianza Marekani baada ya mkutano wa mwaka 1979, yakasambaa duniani, na marubani wa mashirika yetu wameyapitia kwa miaka mingi. Kwa kiasi kikubwa yamekuwa mafunzo ya kumtoa mdogo woga. Yamemtoa kwa kiasi. Bado mtihani wa ndege ya kuigiza unampima rubani mkuu kwa namna anavyozima moto wa injini na anavyotua kwenye upepo wa ubavu, na akifanya hayo vizuri hupita, hata kama katika saa zote mbili za mtihani alitoa amri ishirini na akasubiri jibu la amri tano.

Wanaosimamia mitihani hiyo, wawe Soroti, Nairobi, Addis Ababa au kwingineko, wana uwezo wa kulibadilisha hili bila kununua chombo hata kimoja. Rubani mkuu akitoa amri na kuendelea kabla hajajibiwa, aandikiwe kwamba ameshindwa, hata kama ndege ilitua salama.